Mwani wa Katubuka

Mume wangu ni mzaliwa wa Pemba. Mimi nimezaliwa Kalinzi, milimani, ambako utotoni maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya ndoo. Alipohamishiwa Kigoma kupima maji ya ziwa, tulipanga nyumba Katubuka, na mwaka wa pili akamleta mama yake. Mama mkwe alikuwa amelima mwani kwao miaka mingi. Sasa macho yalikuwa yamefifia, miguu haimbebi bila kushikwa, na maneno yake yakihesabika.

Hakulilia kurudi. Aliuliza tu kila asubuhi, "Bahari iko upande gani?"

Mume wangu alishindwa kulivumilia swali lile. Akanunua tangi la kioo la kufugia samaki wa baharini, akaagiza chumvi yake maalumu kutoka Dar es Salaam, maana ya Uvinza alikwisha kuijaribu na samaki watatu wakafa. Nyuma ya tangi kubwa akaunganisha dogo, pampu ikizungusha maji baina yake. Hilo dogo lilikuwa la mwani, ambao hunyonya uchafu wa maji, na samaki hawafiki humo kuutafuna. Yeye aliliita kimbilio.

Mwani wenyewe ulikuwa wa kijani, wenye vipunje kama zabibu mbichi, na haukukubali kutulia chini. Ulielea, ukavutwa na pampu, ukaziba mrija. Mimi ni fundi cherehani, nikasema niachieni. Nikaokota mawe ufukweni Kibirizi, nikayachemsha, nikafunga kila kipande juu ya jiwe kwa uzi wa nailoni, bila kukaza sana shina lisije likakatika. Fundo langu ni dogo mno. Mimi mwenyewe nikitaka kulitoa hulikata kwa mkasi.

Siku ya nne nilirudi kutoka sokoni saa nne asubuhi, nikakuta mwani wote unaelea. Nyuzi hazikukatwa. Zilikuwa zimefunguliwa na kulazwa ukingoni mwa kioo, mmoja kando ya mwingine. Mama mkwe alikuwa kitini, pale pale nilipomwacha.

Nikafunga upya. Kesho yake nilishona hadi karibu saa tano, nikatoka uani kuanua nguo. Niliporudi, mambo yalikuwa yale yale. Siku iliyofuata, saa tano na nusu. Nikaanza kuiogopa sebule yangu mwenyewe.

Siku ya nne ya mambo hayo sikutoka. Nilikaa na cherehani mlangoni nikijifanya nashona. Saa sita ilipopita kidogo, mama mkwe aliinuka. Peke yake. Alivuka sebule bila kugusa ukuta, akakunja mikono ya gauni, akaitumbukiza mikono kwenye kimbilio hadi viwikoni. Macho ameyafumba. Mafundo yangu yaliachia kila alipoyagusa, kana kwamba sikuyafunga kamwe.

"Mama," nikamwita. "Unafanya nini?"

"Kumekupwa, mwanangu. Tuvune kabla maji hayajarudi."

Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akarudi kitini. Alipotaka kwenda msalani, ilibidi nimshike mkono kama kawaida.

Nikampigia simu wifi yangu, Pemba. Nilisikia upepo.

"Wifi, uko wapi?"

"Pwani huku, nafungua mwani. Maji yametoka sana leo, lakini karibu yatarudi. Mama hajambo?"

Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyejua habari za maji ya Pemba. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani.

Mume wangu alicheka nilipomsimulia. Mama yake alitulia karibu siku kumi, kisha akaanza tena, na tena saa zikasogea kila siku. Mume wangu akampigia dada yake kuulizia maji, saa zikalingana. Bamvua la tatu lilipokuja, zile siku ambazo maji hutoka mbali kabisa, hakucheka tena. Mimi nilikuwa nimeizoea hofu yangu. Nilifunga mwani ili mama apate cha kufungua, nikaketi karibu naye. Mara moja alinishika vidole, akanionyesha namna ya kulilegeza fundo. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na yangu haikujifunza.

Kisha asubuhi moja, siku za bamvua, tukakuta maji ya kimbilio yamekuwa meupe kama maziwa. Mwani ulikuwa bado juu ya mawe, lakini hauna rangi. Ungeweza kuona ukuta kupitia kwake. Mume wangu alisema aina hii hutokea ikamwaga mbegu zake zote kwa pamoja, likabaki ganda.

Nikamwendea mama. "Leo kumekupwa?"

"Sijui."

"Husikii chochote?"

"Hakuna kitu huko." Akavuta kanga, akajifunika mabega.

Nilingoja simu ya msiba kutoka Pemba. Nilikuwa na hakika. Mchana wifi alipiga, nikaipokea. Alitaka tu kutusalimu. Maji yametoka kama siku zote, akasema, na wote wazima.

Tukamwaga yale maji, tukayafuta matangi. Mama hakuuliza tena bahari iko wapi. Wiki iliyofuata nilimpelekea chai, nikaanza kumwamkia, naye akaniwahi.

"Mwakeye," akasema.

Ndivyo mama yangu mzazi anavyoniamkia Kalinzi, kwa Kiha. Nyumbani tulisema Kiswahili tu, na wale wawili hawakuwahi kuonana. Nikaweka kikombe mezani, nikamwitikia.