Nilimficha daktari kuwa natafuna mirungi, sasa moyo umetanuka

Wakuu, salamu kutoka Hanang. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siyo ya kusimuliwa.

Darasa la saba sikumaliza. Lakini uliza kuanzia Katesh mpaka Hirbadaw nani ana kombaini yake ya kuvuna ngano, utatajiwa mimi.

Nguvu nilikuwa natoa kwenye mirungi. Msimu wa kuvuna siku tatu silali, chakula sitaki, usukani sitoki. Madereva wangu wakisinzia nawaambia, nyie vijana wa chipsi.

Miaka kumi na kitu hivyo.

Mwaka jana miguu ikavimba, viatu haviingii. Nikipanda ngazi ya kombaini moyo unadunda mpaka masikioni. Nikasema ni umri.

Mke wangu akanipeleka hospitali. Daktari ni binti wa fundi wangu wa zamani. Akanipa mikono miwili, "Shikamoo baba." Nikaitikia kwa sauti ya tajiri.

Presha ilikuwa juu mno. Akaniuliza taratibu kama kuna kitu natumia cha kuchangamsha mwili.

Sasa wakuu, mtoto amekuamkia, utamwambiaje unatafuna majani kama mbuzi? Nikajibu mimi mzee wa kanisa, hata soda sinywi. Mke wangu akaangalia chini.

Dozi nikawa nameza asubuhi, mchana natafuna.

Wiki ya tatu nikaanguka shambani mbele ya wale wale wa chipsi. Ndio walionibeba kwenye tela la trekta mpaka hospitali.

Safari hii mke wangu hakusubiri niulizwe.

"Anatafuna mirungi, mwanangu. Nilinyamaza kumtunzia heshima, nusura nimzike."

Binti hakunigombeza. Alisema moyo umetanuka, unasukuma damu kwa shida, na presha imeshaanza kuumiza figo. Kisha akasema, "Baba, kila ukija kupima presha haishuki, nilidhani dawa nimekosea mimi. Nimekosa usingizi."

Wakuu, kuanguka nilivumilia. Hilo lilinishinda, nililia mbele yake.

Wewe unayetafuna ukijiona chuma, zile ni nguvu za moyo wako unazimaliza mapema. Na daktari mwambie kila kitu, hata kama ni mtoto wako wa kumzaa.

Leo nina wiki ya sita sijagusa jani. Ndoo ya maji bado siwezi kubeba.

Daktari anasema nikiacha kabisa moyo unaweza kupata nafuu, ila haniahidi. Kuna mtu humu moyo wake ulirudi sawa? Niambieni ukweli, hata kama ni mbaya.