Chumvi Isiyotiwa na Mtu

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni tangazo lilipobandikwa kwenye ubao wa idara yetu. Mwanafunzi wa lishe mwenye alama nzuri aliruhusiwa kuomba kuunganisha shahada mbili. Badala ya kumaliza miaka minne, ukaenda zako, kisha ukarudi siku moja kuanza uzamili upya, ungeanza masomo ya uzamili ukiwa bado mwaka wa nne, na masomo hayo yangehesabiwa kote kuwili. Mwaka wa tano ungeandika tasnifu, ukatoka na shahada zote mbili. Nafasi zilikuwa chache. Kila mwombaji alitakiwa kupeleka alama zake na ukurasa mmoja wa kueleza swali analotaka kulitafiti.

Alama nilikuwa nazo. Swali sikuwa nalo.

Jumamosi hiyo nilikwenda nyumbani Takaungu, nikamkuta mama amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikamweleza habari za tangazo.

"Miaka mitano," akasema bila kuinua uso. "Kusomea kula?"

"Kusomea lishe, mama."

"Na lishe si kula?" Akageuza kifuu mkononi. Hakuwa ananicheka. Mama ni mtu wa kutaka kujua jambo mpaka mizizi yake. "Haya, nieleze nielewe. Daktari hutibu. Muuguzi hudunga sindano. Wewe ukifika kwa mgonjwa wafanya nini?"

"Namwambia ale nini na aache nini."

"Naye hufuata?"

Miaka mitatu nilikuwa nimefundishwa namna ya kusema. Hakuna siku niliyofuata mtu hadi jikoni kwake kuona yaliyotokea baadaye.

Muhula uliofuata tulitawanywa hospitalini kwa mazoezi ya kazi. Mimi nilipangiwa hospitali moja upande wa Malindi, kwenye kliniki ya wagonjwa wa presha na sukari. Nilipewa koti jeupe lililonipwaya mabegani na rundo la karatasi za ushauri. Karatasi zilisema usiweke kichupa cha chumvi mezani. Wengi niliowasomea maneno hayo hawakuwa na meza ya kulia, walikula wameketi mkekani, na chumvi yao ilikaa kwenye kopo karibu na mafiga.

Wiki ya pili aliingia mzee mmoja wa makamo, Mgiriama, mrefu, mikono imekakamaa kama gome la mti. Presha yake ilikuwa imekataa kushuka kwa miezi, na daktari alimtuma kwangu aelezwe mambo ya chumvi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Keti nawe, mbona umesimama?"

Nikaketi, nikaanza kusoma karatasi. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akatabasamu.

"Mimi nafanya kazi Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi," akasema. "Kutwa nzima naikwangua, naipakia, naikanyaga. Nyumbani twatia kidogo tu. Sasa nataka kukuuliza wewe uliyesoma. Chumvi yaweza kumwingia mtu kwa nyayo?"

Ningeweza kusema hapana na kumwita mgonjwa mwingine. Lakini sikuwa na hakika, na macho yake yalionyesha kwamba swali hilo amelibeba muda mrefu bila kupata wa kumuuliza.

"Sijui, baba," nikasema. "Lakini nitatafuta."

"Hapo umesema kweli," akajibu. Akaikunja karatasi yangu mara nne, akaitia mfukoni.

Jioni ile na siku zilizofuata nilisoma kila nilichoweza kukipata. Ngozi nzima, nilisoma, ni ukuta mzuri. Haipitishi chumvi ya kumpandisha mtu presha. Kuhusu ngozi iliyopasukapasuka sikupata maneno ya kunitosheleza. Hata hivyo jibu la nyayo halikunipa raha, kwa sababu lilizaa swali jingine. Ikiwa chumvi haipiti nyayoni, na nyumbani hutiwa kidogo, mbona presha haishuki? Ama mzee ananificha, ama kuna mlango tusioujua.

Aliporudi kliniki nikamweleza kwamba chumvi haipiti nyayoni, kisha nikamwomba, kwa ruhusa ya msimamizi wangu, nimtembelee nyumbani siku yake ya mapumziko nipime chakula chao. Akacheka. "Utapima sima?"

"Nitapima sima, baba."

Kwake ni mbali kidogo na barabara, nyumba ya udongo yenye paa la mabati, uwanja umefagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Nilibeba mzani mdogo wa jikoni na fomu zangu. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya chini, alinipokea kama mgeni wa harusi. Nilipomwambia nataka kumwona akipika na kupima kila kitu, alishangaa kidogo, kisha ikawa kama amepata mchezo mpya. Kila alichotaka kukitia chunguni alikileta kwanza kwenye mzani.

"Unga huu hapa. Pima."

Nikapima unga. Nikapima mchicha, kitunguu, mafuta. Chumvi ya mboga ilikuwa ya kubana kwa vidole viwili, nikaipima nayo. Kwenye sima hakutia hata chembe. Nikamuuliza juu ya ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kwa kuwa darasani tulimtaja sana. Akasema huwala mara mojamoja, wakipata. Nikajumlisha kwenye daftari, nikajumlisha tena. Chakula cha nyumba ile kilikuwa na chumvi kidogo kuliko cha mama yangu Takaungu. Nikaona safari yangu imekwisha na sina nililopata.

Ndipo akaniletea chai ya rangi.

Nilipiga funda moja, nikadhani amekosea kopo akatia chumvi badala ya sukari. Mgeni hatemi. Nikameza. Funda la pili likawa vilevile, sukari mbele na chumvi nyuma yake. Lazima uso ulinisaliti, maana mama yule aliangua kicheko.

"Si mimi, mwanangu. Ni maji hayo. *Madzi ga munyu*. Sisi tumeyazoea, hata hatuisikii tena hiyo chumvi."

"Maji ya wapi, mama?"

"Ya kisima. Ya bomba yatoka yanapotaka. Mvua ikinyesha twateka ya mabati, matamu, lakini huisha."

"Na sima mwaipikia maji haya?"

"Kwani twaipikia yapi? Ndiyo maana sitii chumvi. Kila kitu nakipikia hayo. Na huyu," akamwonyesha mumewe kwa kidole, "hubeba dumu zima kwenda nalo kazini. Jua la kule humaliza maji mwilini."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinamia kikombe chake. Akakitazama kana kwamba ni mara ya kwanza kukiona. Mimi nilifungua fomu yangu. Ilikuwa na safu ya chakula, safu ya uzani, safu ya namna ya kupika. Maji yalikuwa na mstari mmoja tu chini kabisa: bilauri ngapi kwa siku. Haikuuliza bilauri ya maji gani. Nami nilikuwa nimekaa jikoni asubuhi nzima, nimemwona mama yule akimimina sufuria baada ya sufuria, na kalamu yangu haikutikisika.

Niliomba chupa moja ya maji yale. Maabara ya chuo ikathibitisha yale ambayo ulimi ulishaniambia. Usiku huohuo nikaandika ule ukurasa mmoja wa maombi.

Siku ya usaili niliingia mbele ya wahadhiri watatu. Mmoja wao, mama aliyetufundisha kemia ya chakula, alisukuma karatasi ya alama zangu kando.

"Hizi tumeziona. Tuambie jambo usilolijua."

Nikawasimulia habari za nyayo, za mzani na za chai. Nikasema sijui ni familia ngapi kando ya pwani zinazokunywa chumvi bila kuihesabu, sijui hubadilika vipi kati ya masika na kiangazi, na sijui mtaalamu wa lishe amwambie nini mtu ambaye chumvi yake haimo chunguni bali kisimani.

"Na ukimaliza miaka mitano ukakuta si maji?" akauliza.

"Nitakuwa nimejua kwamba si maji."

Aliandika kitu, nikaambiwa nitoke. Baada ya wiki mbili jina langu lilikuwa ubaoni.

Mwaka wa tano niliumaliza nikienda nyumba kwa nyumba na chupa zangu. Nilianzia kila mahali kwa kuomba maji ya kunywa, na kwingine walifikiri nina kiu isiyokwisha. Mzee wa Marereni na mkewe walinunua tangi, wakaliweka chini ya mfereji wa paa. Maji ya mvua yakawa ya kunywa na kupikia, ya kisima ya kufulia. Presha yake ilianza kushuka. Msimamizi wangu alinikumbusha kwamba mzee huyohuyo alikuwa pia ameanza kumeza vidonge vyake bila kuruka siku, kwa hiyo nisijitape. Nikaandika hivyo kwenye tasnifu, yote mawili, na kwamba sikuweza kuyatenganisha.

Nilipohitimu mama alikuja kutoka Takaungu na buibui jipya. Alinitazama nimevaa joho, akazunguka nyuma yangu, akarudi mbele.

"Wamekupunja," akaninong'oneza. "Shahada mbili, joho moja?"

Nikacheka hadi kofia ikaanguka. Kisha akaninyoosha kola, akauliza kama kisima chetu cha nyumbani nimewahi kukipima. Sikuwa nimekipima. Wiki hiyohiyo nikaenda na chupa.