Baqara Haikuwa Flashi

Ummi wa Madungu hakuwa na ugomvi na mji wa Wete. Mji haukumkosea kitu. Kilichomchoma ni kuwa ndani ya Wete muna Jadida, ndani ya Jadida muna nyumba ya buluu, na ndani ya nyumba ile alikaa Khairiya, mke mwenza, ambaye Nyange, mume wa Ummi, alimwoa mwaka uliopita. Tangu siku ile, mtu akitaja Wete mbele yake, hata kama anauliza bei ya ndizi, Ummi alihisi anapigwa kijembe.

Wivu hakuuficha. Wanawake wengine hujifanya hawajali, wakasema mume ni wa Mungu. Ummi alisema waziwazi: "Mie naona wivu, na nitauona mpaka nife." Alicheka akisema hivyo, lakini macho hayakuwa yakicheka.

Alichobaki nacho kikiwa chake peke yake kilikuwa ofisi. Chumba kimoja kando ya njia pale Madungu, mjini Chake Chake, kompyuta moja, printa moja, na mlango uliopakwa rangi ya kijani. Hapo alichapa kadi za harusi, barua za maombi ya kazi na mitihani ya skuli. Wateja walimwita Bi Ummi wa kompyuta, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko kanga mpya.

Sasa Nyange alikuwa na lake. Alifanya kazi bandarini Wesha, na alikuwa mtu wa kupenda amani ikiwa amani yenyewe inampunguzia safari. Khairiya alisomesha kompyuta katika chuo kidogo cha watu binafsi kule Wete. Nyange akaona lililo jepesi ni kumleta Madungu, wake wote wawili wafanye kazi chumba kimoja. Ilikuwa ule mwaka wa kura ya maoni, na yeye aliichukua siasa akaiingiza nyumbani.

"Vyama vilivyokuwa havisalimiani vinakwenda kukaa serikali moja," alimwambia Ummi. "Nyinyi wawili ndiyo mushindwe kukaa ofisi moja?"

"Hivyo vyama vinalala kitanda kimoja?" Ummi aliuliza. Nyange akavaa viatu akaenda zake. Lakini hakuliacha. Akawa anasema mashine imechoka, siku itakayokufa ndiyo siku Khairiya atakapokuja kushika mambo.

Basi ile asubuhi Ummi alipoiwasha kompyuta ikakataa kufika mwisho, moyo ulimwenda mbio. Jana yake umeme ulikatika mashine ikiwa inafanya kazi. Sasa kioo kilikuwa buluu na maandishi meupe: diski moja inahitaji kukaguliwa. Ukaguzi ukaanza, ukapanda mpaka asilimia kumi, ukasimama. Ummi akangoja. Akafagia, akapanga karatasi, akarudi. Kumi ile ile. Akabonyeza kila kitufe, mashine haikusikia. Akaizima, akaiwasha. Buluu, asilimia kumi, kimya.

Ahmada, fundi aliyemzoea, alikuwa amevuka kwenda Unguja. Ummi akaanza kuisemesha mashine kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akaitukana. Haikujali. Adhuhuri ikaingia, kioo bado buluu, na siku ile ilikuwa zamu ya Ummi ya kuwa na mume. Nyange angeshuka kutoka Wesha moja kwa moja aje hapo.

Akaja. Akasimama mlangoni, akaitazama buluu ile, na Ummi akaona furaha inampita usoni kabla hajaikunja.

"Hebu nimpigie mwenziwo," akasema, na simu ilikuwa sikioni tayari. Kisha akaiweka mezani, sauti ikatoka nje.

Sauti ya Khairiya ilikuwa laini na isiyo na haraka, na hilo peke yake lilitosha kumkera Ummi. Akauliza ukaguzi umesimama wapi. Nyange akajibu. Akauliza mashine inasema inakagua diski ya herufi gani.

Nyange akainama. "E."

"E? Ile ya mashine yenyewe kwa kawaida huwa C. Muna kitu kimechomekwa hapo. Flashi, labda. Muulize dada."

Nyange akageuka. "Muna flashi humu?"

Ummi alihisi ameguswa pabaya. Ukutani alikuwa amebandika kwa herufi kubwa: FLASHI YA MTEJA NI MARUFUKU. Watu walikuwa wakimletea flashi zilizojaa virusi, na yeye alizipiga marufuku akagombana na nusu ya Chake Chake kwa ajili hiyo. Leo mwanamke wa Jadida anamuuliza kana kwamba ofisi yake ni soko.

"Wallahi hamna flashi," akasema kwa nguvu ili simu isikie. "Flashi haiingii ofisini kwangu."

Khairiya hakubishana. "Basi huenda diski yenyewe imegawanywa, na hiyo E ni kipande chake. Ikiwa hivyo, naogopa diski inakufa. N'takuja kesho niitazame."

"Njoo, njoo," Nyange akasema. Akatoka kwenda msikitini akitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Ummi akabaki. Akatia udhu, akasali alasiri kwenye mkeka nyuma ya meza, na alipomaliza akalia. Alilia kwa hasira hasa. Alimwona Khairiya keshakaa kwenye kiti chake, wateja wanamwita Bi Khairiya wa kompyuta, na Nyange katikati anakunywa chai. Akatamani kusikia Baqara.

Baqara lilikuwa jina la kitu pale ofisini. Baada ya ndoa ile ya Jadida, Ummi alitiliwa sura hiyo nzima ya Kurani kwa sauti ya msomaji mzuri, akaichomeka nyuma ya mashine, na kila asubuhi aliifungulia ili hasadi na shetani zisipate pa kukaa. Kila mtu aliizoea. Wateja wenyewe walisema, "Bi Ummi, tutilie Baqara." Haikuwahi kuchomolewa tangu siku ile. Nani angeichomoa Baqara?

Kwa kuwa mashine ilikuwa bubu, na udhu alikuwa nao, akapeleka mkono nyuma akaichomoa kwa bismillahi. Akaipeleka kwa jirani yake Mwanakhamis, mshonaji, aliyekuwa na redio ya kuchomeka.

Mwanakhamis akaichomeka. Redio ikaganda hapo hapo. Vitufe havikusikia. Akaichomoa, redio ikazinduka ikaendelea na taarab yake.

"Flashi yako imekufa, bibi," Mwanakhamis akasema.

"Hiyo si flashi, hiyo ni—"

Ummi akajisikia alichokisema, akaipokonya.

Alirudi ofisini mbio, kanga ikiburuta chini. Akaiwasha mashine. Buluu haikuja. Ikaja picha yake ya mawaridi, na kadi zake zote za harusi zikiwa pale pale alipoziacha. Ummi akapiga kigelegele peke yake, kisha akakumbuka kile kiapo, akasema astaghfirullah.

Jambo la kiungwana lilikuwa kupiga simu Jadida kusema mashine imepona. Ummi hakupiga. Nyange aliporudi nyumbani, alimpakulia chakula akamwuliza habari za bandarini. Aliyetaka kuja na aje. Afunge safari yote ile, aingie, aone.

Asubuhi Ummi alijifukiza udi mpaka harufu ikafika njiani. Nyange alikwenda kumpokea Khairiya stendi, na walipotokea mlangoni, Khairiya na kimkoba cha bisibisi mkononi, walimkuta amekaa kwenye kiti chake anachapa kwa vishindo.

"Inawaka!" Nyange akasema. "Imepona vipi?"

"Mie sijui. Labda imesikia mgeni anakuja."

Khairiya akamsalimia kwa adabu, "Hujambo, dada Ummi," kisha macho yake yakatua kwenye rafu. Baqara ilikuwa pale, juu ya kitambaa cheupe. Akaisogelea.

"Na hii?"

"Hiyo Baqara," Ummi akasema.

Khairiya akaitazama Baqara, akalitazama lile tangazo la ukutani, akamtazama Ummi. Alifahamu. Ummi aliona wazi kwamba amefahamu. Neno moja tu lilitosha, na kile kiapo kingechekwa Wesha nzima, kutoka wapagazi mpaka wakubwa wa bandari. Ummi akashika ukingo wa meza.

"Mie nilikosea," Khairiya akamwambia Nyange. "Nilidhani diski inakufa. Dada kaona kilichonishinda mie."

Nyange akacheka kwa furaha. "Basi ndiyo vizuri! Mukae pamoja hapa, mufundishane."

"Hapana. Ofisi hii ina mwenyewe. Mie n'na kazi yangu Wete, na hilo usilitaje tena."

Nyange, aliyebishana na Ummi miezi na miezi, akasema, "Haya." Neno moja tu, kwa upole, akimwangalia Khairiya. Ummi aliyajua macho yale. Aliwahi kuangaliwa hivyo, zamani, kabla hajaanza kuyatafuta kwa jasho.

Wakaondoka. Ofisi ilikuwa yake, hakuna tena wa kuigusa. Ummi akakaa mbele ya mawaridi yake, vidole juu ya vitufe, asiweze kuchapa hata herufi. Khairiya angekuwa mwanamke mbaya, Ummi angemwezea. Sasa alikuwa ameshajua mumewe anakwenda Jadida kufuata nini, na hata kiti alichokalia, ilibidi apewe na Khairiya.