Bado Tupa Tu

Nikiri mapema: kosa ni la masikio yangu, si la mwalimu. Nasomea ufundi wa kutengeneza vipuri katika chuo kimoja hapa Malindi, nami kila siku hungoja wagundue kwamba siwezi.

Juzi nilimpelekea Bi Zuhura, mwalimu wetu wa karakana, kichwa cha nyundo nilichotengeneza kwa ajili ya mtihani. Akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Bado tupa tu, mwanangu," akasema, akaenda kwa mwingine.

Moyo ulinishuka. Lakini alisema kwa upole, kwa hiyo sikubisha. Nilikitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, nikavua ovaroli, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mama huko Junju kwamba masomo yamenishinda.

"Waenda wapi?" Bi Zuhura akaniita. "Na kazi yako i wapi?"

"Nimeitupa, mwalimu. Si umesema bado, nitupe tu?"

Akanitazama, kisha akachukua mezani kile chuma chenye meno cha kulainishia kingo, ambacho kwetu nyumbani tunakiita faili.

"Hii ndiyo tupa. Nilikwambia imebaki hii tu, umalize."

"Kaambiwa tupa, akatupa!" Kazungu, jirani yangu wa meza, akapasua kicheko, na karakana nzima ikamfuata. Walikuwa na haki. Mimi machozi yalinitoka.

Bi Zuhura alikunja mikono ya koti lake, akainama kwenye pipa.

"Njoo tukitafute, mwanangu. Chako nitakijua. Ndicho kizuri."