Kifundo Juu ya Meza

Mkutubi huyu wa Kisumu hasemi "kimya". Hugonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja, na hata wanafunzi wenye kiherehere hunywea. Kurasa kuukuu huzigeuza taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala, na sauti yake ni ya chini mno. Waithira, mchuuzi wa Mamboleo, ilibidi ainame kumsikia siku alipokuja kutafuta ukoo wa marehemu mama yake.

"Vitabu vitakungoja, mama. Wazee hawangoji. Nani amebaki?"

Alibaki mama mkubwa, kule Sondu, mwenye masikio mazito.

"Mpigie sasa. Hapa hapa."

Waithira alinong'ona, asisikike, mpaka akajikuta anapaza sauti: "Nyanya niliyepewa jina lake alitoka wapi?" Vichwa vikainuka kila meza. Kifundo kikagonga. Waithira akaanza kuomba radhi, kumbe mkutubi alikuwa akiwatazama wale wengine. Kisha akamsogezea kalamu, akaiweka simu kwenye spika. Waithira akaishika kalamu. Mama mkubwa alikuwa ameanza kutaja majina, na maktaba nzima ilikuwa kimya, ikimsikiliza.