Mtungi wa Pili wa Haidrojeni
Nichekeni polepole, kwa maana wiki hii nimechekwa vya kutosha.

Ofisi yetu ya takwimu za nishati hapa Kisii iliniagiza nitafute kila anayetengeneza au kutumia gesi ya haidrojeni, ili nayo iingie kwenye hesabu ya taifa. Nilitafuta mpaka nikakata tamaa. Halafu sokoni Keumbu nikampata Mama Moraa, mpambaji wa harusi, akijaza baluni kwa mtungi mdogo wa haidrojeni. Nikaupiga picha, nikauandika.

Nilipokuwa nikinywa chai, Mama Moraa alimwomba dereva wetu, Ombati, lifti hadi harusi ya Manga, kaunti jirani ya Nyamira. Nikarudi garini nikakuta mzigo umefungwa kwa leso.

"Mwanangu, nishikie huo usibingirike," akaniambia Mama Moraa.

Niliukumbatia njia nzima nikidhani ni mkebe wa maziwa.

Kule Manga nilizunguka nikisalimia watu, na nyuma ya hema nikaona mtungi umesimama katikati ya baluni. Nilitamani kuimba. Nikaupiga picha, nikauandika nao.

Jumatatu nilisimama mbele ya Madam, mkubwa wetu, nikatangaza kwamba haidrojeni sasa imeenea hadi Nyamira. Akapendezwa, akauliza watu wa Manga wanaipata wapi. Nikasema hilo linahitaji uchunguzi wa kina.

Ombati, aliyekuwa amekuja kurudisha funguo za gari, akakohoa mlangoni.

"Madam, tuliupeleka sisi. Mimi niliendesha, na huyu ndiye aliyeupakata."