Hilari Kapewa Moja

Mama Eveline wa sokoni Makambako akikupenda, utajuta. Mimi nauza vitunguu meza ya jirani, nimeyaona.

Hilari, wakala wetu wa malipo ya simu, ndiye aliyemfundisha kuuza viazi kwa simujanja. Mwanzoni alikuwa anaibonyeza kama anakamua jipu. Sasa noti hataki hata kuziona. Ukimpa, anakuuliza umetoka pori gani. Kila akihudumiwa na Hilari, simu inamuuliza: umeridhika na wakala, moja hadi tano? Mama Eveline anabonyeza moja. Akapita na meza zote kutuhamasisha, "Jamani, mpeni kijana moja, msimbanie!" Tukampa soko zima, mie nikiwemo.

Juzi akaja msimamizi kutoka Njombe, Nahumu, mtu wa miwani na haraka. Hakusalimia mtu. Hata "kamwene" ilimshinda! Akamwambia Hilari mbele yetu kwamba kampuni inamnyang'anya uwakala, wateja hawamtaki. Hilari akakaa juu ya gunia la viazi. Kibanda kile ndicho kinachomlisha yeye na mkewe mjamzito. Roho iliniuma kweli.

Nahumu akamnyang'anya funguo, akaingia kibandani, akamhudumia Mama Eveline mwenyewe, eti tuone kazi inavyofanywa. Simu ikauliza swali lake. Mama Eveline, kafura kama andazi, akabonyeza tano kwa nguvu zote. Simu ya Nahumu ikalia, naye akatabasamu.

"Asante sana mama, umenipa tano."

"Ala! Unashukuru kufeli?"

"Kufeli?"

"Tano si mkia huo? Hilari ndiye wa kwanza! Eveline wangu alipopata divisheni wani tulichinja jogoo. Kwa wani alizopata Hilari, angechinjiwa ng'ombe!"

Soko zima likaangua kicheko, mpaka Hilari akadondoka kwenye gunia. Nahumu akavua miwani, akaifuta, akamrudishia funguo za kibanda palepale. Ndipo akakumbuka adabu. "Kamwene, mama," akasema.

Siku hizi Mama Eveline anatoa tano, ila kwa shingo upande. Jana nimemsikia kwa masikio yangu, anabonyeza huku machozi yanamlengalenga:

"Nisamehe, mwanangu Hilari. Wamenilazimisha kukufelisha."